Nimekisoma Kitabu Mara Tisa, Mkaguzi Ananiuliza Swali Moja

Mpendwa mshauri Bana Chola, naomba msaada wako hapa gazetini kabla ya tarehe kumi na tisa Agosti, maana siku hiyo naingia mtihani wa leseni ya kulipua baruti kwa mara ya nne, na mgodi umeshasema ya nne ndiyo ya mwisho, leo ninapoandika zimebaki siku thelathini na tatu na sina tena cha kufanya ambacho sijakifanya.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, mkazi wa Chamboli hapa Kitwe, nina mke mmoja na watoto watano na nyumba ya vyumba vinne niliyoijenga kwa jasho langu, sikurithi hata kijiko, baba alifariki nikiwa darasa la saba na nilipofika miaka kumi na tisa nikaingia mgodini kufagia njia za mabehewa chini ya ardhi, kutoka kufagia nikapanda kusukuma mawe, kutoka mawe nikapanda kushika mashine ya kutoboa mwamba, na sasa ni miaka kumi na tisa nashindilia baruti kwenye mashimo kwa leseni za watu wengine, yaani mwenye leseni anasimama nyuma yangu mikono mfukoni, mimi nafanya, yeye anatia sahihi. Kule chini wananiita Mhesabu. Sisi bado tunatumia tambi za kuwasha kwa moto, na ukishawasha mnarudi nyuma kwenye kona ya usalama mnasikiliza milio, mtu mmoja tu ndiye anahesabu na wengine wote wanafunga midomo, mashimo yakiwa thelathini na nane basi sikio litake milio thelathini na nane, na tangu nianze hakuna aliyewahi kunibishia hesabu.

Mgodi wetu ni mdogo, sitautaja. Mwaka huu wenye mgodi wamebandika tangazo kwamba kuanzia tarehe mosi Oktoba asiye na leseni yake mwenyewe haruhusiwi kugusa baruti wala kuongoza watu, atapelekwa juu kuosha taa za kofia. Mimi nina watu kumi na sita chini yangu, mshauri, na kazi ya kuosha taa kwetu wanapewa waliovunjika viuno na wanaosubiri kustaafu, wanakaa pale dirishani wenzao wanawapungia mkono wakishuka.

Sasa nikwambie nilivyosoma, usije ukadhani nimezembea. Kitabu cha kanuni kina kurasa mia mbili na kumi na nne, nimekisoma mara tisa, hizo ni kurasa elfu moja mia tisa ishirini na sita, nimekinakili kwa mkono wangu kwenye madaftari saba, nimekaa nacho saa mbili kila siku isipokuwa Jumapili kwa wiki thelathini, jumla saa mia tatu na sitini, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa ambacho mzee wa kanisa alinipa ufunguo wake. Mke wangu akinishikia kitabu akasoma nusu ya kifungu, mimi namalizia nusu iliyobaki bila kuruka hata mkato. Siku moja alikifunga, akaniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida yake, akaniambia, “Bashi Mutale, mgodi ukikuacha nenda ukahubiri. Mistari unayo, ila maana yake utamwachia Mungu.” Nilikasirika, siku ile nshima yake, yaani ugali, sikuila, na ilikuwa kwa kisamvu cha karanga.

Mara ya kwanza nilianguka nikasema ni woga, mara ya pili nikasema ni mafua, mara ya tatu, mwezi wa tano, ndiyo iliyonivunja. Karatasi ya kuandika nilipata alama za kutosha, tatizo ni chumba cha mahojiano. Mkaguzi ni mtu mpole, ana miwani, hakunyanyua sauti hata kidogo. Akaniambia, kwa heshima ya kumwita mzee, “Mdala, tuachane na kitabu. Ni asubuhi, unaingia na watu wako, uso wa mwamba uko mbele yako, umeukuta na kitundu kilichobaki baada ya mlipuko wa jana na ndani kina maji. Kabla hujamwambia mtu ashike mashine, unajiuliza nini?”

Nikampa kifungu kizima, cha kuosha vitundu, kuviziba kwa kigingi cha mti, kuvitia alama, na umbali wa kutoboa tundu jipya. Sikuruka neno.

Akasema, “Sawa, hayo ni ya kufanya. Mimi nimeuliza unajiuliza nini.”

“Bwana mkaguzi, imeandikwa kwamba…”

“Najua imeandikwa, kitabu ninacho hapa mezani. Wewe, mdala. Kichwani mwako. Swali la kwanza.”

Mshauri, nilitazama glasi yake ya maji mpaka yeye mwenyewe akaisogeza pembeni akidhani nina kiu. Akaandika kitu kifupi, akasema nitajulishwa. Na mara ya pili, mwaka jana, mkaguzi alikuwa mwingine, lakini alifika hapo hapo na mimi nikanyamaza hapo hapo.

Sasa sikia kinachoniuma zaidi. Katika zamu yangu kuna kijana anaitwa Limbikani Jere, Mngoni wa Mashariki, ana miaka ishirini na saba, amesoma wiki tatu tu na amepita mara ya kwanza. Matokeo yalipobandikwa pale getini, kwenye akina mama wanaouza karanga, alinijia mbele ya watu akiwa na kijikaratasi mkononi.

“Mdala, pole. Nyinyi Wabemba mmezoea kumeza nyani mzima na mkia wake, na kitabu nacho mmekimeza hivyo hivyo.”

Utani ni utani, na mimi nikamjibu, “Nyamaza, mla panya. Umepita kwa sababu mkaguzi ni mtu wa kwenu.”

“Mkaguzi ni Mlozi wa Magharibi, mdala.”

Wale mama wakacheka mpaka mmoja akamwaga karanga. Yeye hakucheka. Akanifungulia kile kijikaratasi, akasema, “Tazama. Mimi kabla sijafungua kitabu niliandika kwanza nasoma nijue nini. Haya hapa. Nikipata jibu nafuta, nikikosa naenda kuuliza watu. Moja nilikuuliza wewe, umesahau?”

Niliyahesabu palepale, yalikuwa maswali ishirini na sita, mwandiko kama wa kuku. Na kweli mwezi wa nne alinijia tukiwa tunavua viatu, akaniuliza kwa nini anayehesabu milio ni mtu mmoja tu. Nikamwambia imeandikwa. Akasema anajua imeandikwa, ila kwa nini. Nikamwambia kanuni haina kwa nini, kijana, kanuni ina namba.

Kinyongo changu na huyu kijana ni cha zamani, nikiri tu. Miaka sita iliyopita tulimzika rafiki yangu Ng'andwe, tuliyeanza naye kufagia mwaka mmoja na kuchumbia mwaka mmoja, na kama ilivyo kawaida yetu Wangoni walikuja msibani kama watani, wakajilaza barabarani kuzuia jeneza, wakadai walipwe jogoo, wakamsema marehemu kwamba hata kaburi amechagua lenye kivuli kwa uvivu, watu wakalia na kucheka. Limbikani wakati huo alikuwa mgeni mgodini, miaka ishirini na mmoja, naye akasimama akiwa amejifunga kitenge cha kike kichwani akapaza sauti, “Na yule Mhesabu wenu yuko wapi? Mwulizeni alihesabu ngapi!” Watu wakacheka, maana maneno ya mtani msibani hayashtakiwi. Bana Lombe, mjane wa marehemu, naye alitabasamu kidogo kwenye machozi. Mimi niliondoka kabla ya kufukia.

Naandika hili ili uelewe tu kwamba kijana hana adabu. Ng'andwe alikufa Jumamosi asubuhi akitoboa, chuma cha mashine yake kiliingia mahali palipobaki baruti ya jana yake. Jana yake ilikuwa Ijumaa na zamu ilikuwa yetu, mwenye leseni alikuwa Ba Kabaso ambaye sasa ni marehemu, na jioni ile binti yake alikuwa anaolewa, wote tulikuwa na nguo zetu safi kwenye makabati kule juu. Mashimo yalikuwa arobaini na mawili. Ba Kabaso akaniuliza, “Mhesabu, ngapi?” nikamjibu, “Arobaini na mbili,” akaandika. Ukipungukiwa mlio mmoja ni kusubiri na kurudi kukagua, lifti ya mwisho ya zamu inawaacha. Sikio langu lilipata arobaini na moja na mmoja kati ya hiyo ulikuwa mzito, na kila mchimbaji anajua kwamba milio miwili ikipasuka pamoja sikio linapokea mmoja, ni jambo la kawaida kabisa. Uchunguzi ulifanyika, hakuna aliyelaumiwa.

Basi, mshauri, hivyo ndivyo ilivyo. Nimepanga nikisome kitabu mara ya kumi, kurasa saba kwa siku, nitamaliza siku mbili kabla ya mtihani. Mke wangu anasema ni kazi bure. Mimi nimefanya kila kitu kwa mikono yangu maisha yangu yote na sijawahi kuomba cha bure, watoto wadogo wanapita na kijikaratasi, mimi na madaftari saba naambiwa rudi, nimeichoka dharau hii. Nisaidie unijibu jambo moja tu: kwa nini hawanipi leseni yangu?

Mhesabu, Chamboli.

*

Mhesabu wa Chamboli, pole. Naitanguliza hapa kwa sababu huko mbele hutaiona sana.

Barua yako niliisoma mara mbili, siyo tisa. Nilishika kalamu nyekundu nikapigia mstari kila namba uliyoandika, karatasi ikawa kama imechinjiwa kuku. Kisha nikatafuta maswali. Wote waliomo kwenye barua yako wanauliza: mkaguzi anauliza, Limbikani anauliza, Ba Kabaso, Mungu amrehemu, aliuliza. Wewe, mwenye barua, umeuliza moja tu, la mwisho, nalo umelielekeza kwa watu wengine. Kwa nini hawanipi. Kurasa elfu moja mia tisa na ushee zimepita mbele ya macho yako na hukuzitaka zikuambie kitu chochote. Ulizipitia kama anayepita msibani kutia sahihi kwenye daftari la rambirambi.

Mimi nimeuza vitumbua soko la Chisokone miaka kumi na moja. Mtihani wa darasa la kumi na mbili niliufanya nikiwa na miaka thelathini na minne, wanangu wawili wakiwa mbele yangu shuleni. Mara ya kwanza kitabu cha Biolojia nilikisoma kama ninavyokoroga unga: zungusha, zungusha, mkono ukiuma najua nimefanya kazi. Nikaanguka. Mara ya pili vivyo hivyo, nikaanguka. Mwaka wa tatu, siku moja mafuta yalinirukia mkononi, nikachukua karatasi ya kufungia vitumbua nikaandika: “Kwa nini ngozi iliyoungua inatoa maji?” Jioni nikafungua kitabu kutafuta hilo tu. Nilisoma kurasa mbili na nusu. Mpaka leo ninazo kichwani. Yale mengine niliyoyakoroga, niulize, siyajui.

Kwa hiyo nakwambia bila kukuficha: kijana Jere hakukupita kwa akili wala kwa ukabila. Alikupita kwa sababu kabla ya kufungua kitabu alijua anachokitafuta. Wewe ulijua unachokitaka, na hayo ni mambo mawili. Ulitaka leseni. Leseni haimo ndani ya kitabu, baba, ungekisoma mara mia usingeikuta. Na wewe ni fundi, unanishangaza. Hakuna siku umeshika mashine ukaanza kutoboa mwamba popote chuma kitakapoangukia. Kwanza unaweka alama za rangi kwenye uso wa mwamba, hapa, hapa na hapa, na kila tundu lina kazi yake. Sasa kitabuni umetoboa bila alama hata moja, halafu unalia mwamba haukuanguka.

Lakini hilo silo lililoniweka macho barua yako.

Mimi sijawahi kushuka mgodini. Nina jirani, Ba Sinkala, alikaa chini miaka ishirini na minane, sasa magoti hayamtii. Nilimkuta kibarazani anamenya karanga. Nikamwuliza swali lako la mkaguzi, neno kwa neno: kitundu, maji, asubuhi, unajiuliza nini. Hakunyanyua hata macho. Akasema, “Najiuliza nani alihesabu jana, na alipata ngapi.” Akatupa ganda. “Maji yanaficha kilichobaki chini, mama. Huwezi kuona kwa macho. Kwa hiyo unamwamini yule wa jana. Ndiyo maana anahesabu mtu mmoja. Wakihesabu wawili, kila mmoja atamtegemea mwenzake, na namba ikikosekana haina mwenyewe.”

Dakika mbili. Jibu la mkaguzi, na jibu la swali la Limbikani ulilomfukuza nalo.

Wewe ulilijua hilo kabla ya Ba Sinkala, na kabla ya mkaguzi. Usiniambie hukulijua. Wakaguzi wawili wamekusimamisha mahali pamoja, mwaka mmoja na mwaka mwingine, na mtu mwenye vifungu vyote kichwani akawa bubu akitazama maji kwenye glasi. Mtu hawi bubu kwa jambo asilolijua. Asilolijua hubahatisha. Unakuwa bubu kwa lile unalolijua na hutaki litoke.

Ulihesabu arobaini na moja. Ukasema arobaini na mbili.

Nimeiandika waziwazi kwa sababu wewe uliificha katikati ya sentensi, kati ya sherehe ya harusi na lifti ya mwisho, ukaifunika na “jambo la kawaida kabisa”. Sijui kama ile milio miwili ilipasuka pamoja. Huenda kweli. Huenda baruti iliyomuua Ng'andwe ilitoka kwenye tundu ambalo hata hesabu kamili isingelionyesha. Mimi sijui, Ba Sinkala hajui, na wewe hujui, wala hutajua mpaka unaingia kaburini. Huo ndio mzigo wako, na nakuonea huruma kwa huo, siyo kwa madaftari saba. Lakini ona ulichokifanya nao. Miaka sita unakimbia swali moja. Na mtu anayekimbia swali moja hawezi kuruhusu maswali mengine, maana maswali yanafuatana kama mbuzi, ukimfungulia mmoja zizi linabaki tupu. Ndiyo sababu unasoma kwa kuhesabu. Ukiwa unahesabu kurasa hakuna anayekuuliza kitu.

Sasa sikiliza cha kufanya. Siku thelathini na tatu zimeshakuwa ishirini na tisa gazeti linapokufikia, usizipoteze kwa kuninung'unikia.

Hayo madaftari saba yafunge kamba uyaweke juu ya kabati. Mara ya kumi haipo. Chukua karatasi moja. Juu kabisa andika unasoma ili iwe nini, na ukiandika “nipate leseni” nitajua, chana uanze upya. Una watu kumi na sita. Andika hao. Andika kwamba unasoma ili ujue kila siku, kabla ya mmoja wao kushika mashine, kitu gani kinaweza kumuua na utakijuaje. Hilo ndilo litakalokuambia ukurasa upi usome na upi uupite.

Halafu kaa kitako, ushuke mgodini kwa mawazo tu, bila kitabu. Unatoka kwenye lifti. Unaona nini kwanza? Unaogopa nini? Hewa, mwamba ulioning'inia, vitundu, tambi iliyolowa, kijana aliyekuja na pombe ya jana kinywani. Kila unapoogopa, andika swali. Yatakuja kama thelathini, wewe unapenda namba, sema thelathini. Kitabu ukifungue kwa swali moja tu, ukipata jibu ukifunge, umweleze mke wako kwa maneno yako, siyo ya kitabu. Na mke wako nampa kazi: kila jibu amwulize mumewe “kwa nini” mara mbili. Ukishindwa mara ya pili, swali halijafutwa, kesho lirudi. Matatu kwa siku yanatosha. Siku kumi umemaliza, na wiki zinazobaki rudia yale uliyoyumba tu. Mama Mutale, ukisoma hili, ile nshima aliyoisusa usimpikie tena mpaka afute matano.

Kisha nenda kwa Limbikani umwombe karatasi yake. Ndiyo, yeye. Atakutania, atakuambia mla nyani amekuja kuomba panya. Vumilia. Kijana aliuliza msibani jambo ambalo wazee wote pale walikuwa nalo kooni, na aliuliza kwa ruhusa ya utani wake. Mlipewa watani kwa kazi hiyo.

La mwisho ni gumu na sitalipamba. Swali la kwanza la karatasi yako, kabla ya hewa na kabla ya vitundu, ni hili: “Ijumaa ile nilisikia ngapi, na kwa nini nilisema nyingine?” Lijibu kwa maandishi, kwa mkono wako, mistari mitatu. Uichukue karatasi hiyo uende nayo kwa Bana Lombe, mchana, ukiwa na mke wako. Usiende kuomba msamaha, kwa sababu msamaha ni mali yake na hajaulizwa kama anautoa. Nenda umpe namba. Miaka sita anaishi na arobaini na mbili ambayo siyo yake. Kisha namba hiyo hiyo ipeleke ofisi ya usalama ya mgodi.

Najua unachofikiri. Unafikiri, nikisema hivyo huenda nisiitwe hata kwenye mtihani. Huenda. Huenda Bana Lombe akakufukuza uani na watoto wake wakikutazama. Huenda Oktoba ukawa dirishani unaosha taa. Nimelipima hilo usiku na mchana kabla ya kukuandikia, nina watoto mimi pia, na sikuona njia nyingine. Ukienda tarehe kumi na tisa bila hilo, moja kati ya mawili: utakuwa bubu tena mara ya nne, au, na hili ndilo ninaloliogopa, utakuwa umejifunza jibu la Ba Sinkala kutoka kwenye gazeti, utalisema vizuri, utapewa leseni. Na kijana mmoja kati ya kumi na sita atakuja kushika mashine akiamini hesabu ya mtu aliyewahi kutoa namba ili awahi harusi.

Afadhali uoshe taa.

Lakini ukienda ukasema, ukaulizwa na mkaguzi lile swali lake, utakuwa mtu pekee kwenye lile benchi anayejua jibu lake lilimgharimu nani. Hakuna kitabu kinachofundisha hilo. Kama watakuruhusu kukaa mbele yake, hutanyamaza.

Leseni siwezi kukuahidi. Nakuagiza kitu kimoja tu, uwe nayo au usiwe nayo, uwe chini au juu, na hata kama binti yako mwenyewe anaolewa jioni hiyo: ukisikia arobaini na moja, sema arobaini na moja.